Mistari Minne kwenye Fomu ya Mdogo Wangu

Mwenyekiti wa tawi letu la chama aliponisogezea ile fomu, nilipaswa kuirudisha. Nilipaswa kusema, "Mzee, huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, mpe mtu mwingine aijaze." Ni maneno mepesi, na yule mzee angeyakubali bila kununa. Badala yake niliichukua, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati na kumwambia nitaileta kesho.

Siku zile aliyetaka kwenda kusoma ng'ambo hakupelekwa na vyeti vyake tu. Chuo kiliuliza kwao: ni mtu wa namna gani, anaishije na wenzake, msimamo wake katika siasa ya Ujamaa ni upi. Swali lilishuka ngazi kwa ngazi mpaka tawini kwenu, na jibu likapanda kwa njia hiyo hiyo. Tawi letu la Mtendeni lilikuwa chumba kimoja chenye meza ya mninga na mabenchi mawili. Mwenyekiti alikuwa fundi viatu mzee, mtu wa heshima, aliyesoma Kurani kwa ufasaha lakini maandishi ya Kizungu yalimchosha macho. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya ushirika wa tumbaku, nimemaliza kidato cha nne, na ndiye niliyekuwa katibu wake. Yeye alipiga mhuri, mimi niliandika.

"Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote," aliniambia. "Andika vizuri, katibu. Mtoto wetu huyo."

"Nitaandika, mzee."

Mtoto wao alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam. Alisoma siasa na jamii za Ulaya: mabunge yao, vyama vyao vya wafanyakazi, ugomvi wa wafalme na makanisa yao, na jinsi walivyotoka kwenye njaa wakafika walipo. Yote hayo kwa Kiingereza. Sasa chuo kimoja cha huko huko Ulaya kilikuwa kimetoa nafasi moja ya miaka miwili, na walimu wake wakamteua yeye. Kilichobaki ni fomu ile tu.

Lazima niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Mtaani kwetu kila mtu aliamini kwamba niliacha shule ili mdogo wangu asome. Nilieneza habari hiyo mimi mwenyewe. Ukweli ni kwamba majina ya kwenda kidato cha tano yalipobandikwa, langu halikuwamo. Nililitafuta kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Nilipofika nyumbani nilimkuta baba yuko kwenye cherehani anasogeza sindano karibu na pua ili aione, nikamwambia, "Baba, macho yako yamechoka. Mimi nitafute kazi, mdogo wangu aendelee." Baba aliinuka akanikumbatia. Mdogo wangu, aliyekuwa bado shule ya msingi, alilia. Tangu siku hiyo alinitazama kama mtu aliyemvulia shati kwenye baridi, na mimi niliyavaa mapenzi yake nikijua si yangu.

Kwa hiyo kila likizo aliposhuka kwenye treni, mzigo wa kwanza kuufungua ulikuwa wangu. Hazikuwa nguo. Yalikuwa madaftari. Baada ya sala ya alasiri tulikaa uani kwenye mkeka, yeye akanisomea aliyofundishwa, akinitafsiria pale alipoona nimenyamaza mno. Vitabu vingine alivifuata kwa baiskeli mpaka Kipalapala, kwa padre mmoja aliyekuwa na kabati zima la historia ya Ulaya, akaniletea na mimi. Alitaka tusome pamoja. Alisema ipo siku nitafanya mtihani wa watu wazima nami niingie chuo kikuu, na atanisaidia.

Shuleni mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Herufi zake yeye nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa ua ule ule. Sasa nilishika kitabu chake nikaona kila neno ninalijua peke yake, lakini yakikaa pamoja yananifungia mlango.

"Umefika wapi, kaka?"

"Nimemaliza ukurasa."

"Umeuonaje?"

"Mzuri."

Hakucheka. Alianza kunieleza ukurasa ule taratibu, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe, ili nisione kwamba nafundishwa. Na mbele ya watu hakuniambia hata neno moja la Kiingereza, asije akaniaibisha. Adabu hiyo iliniuma kuliko dharau. Mwenye dharau unaweza kumchukia mchana kweupe.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Akija yeye, mama alipika wali. Redio ikitaja uchaguzi wa nchi fulani ya Wazungu, baba aliinua kidole tunyamaze, kisha akamgeukia yeye: "Eti maana yake nini hiyo?" Mimi niliyeleta hiyo redio kwa mshahara wangu nilisogea kumpisha aeleze. Habari ya kwenda Ulaya ilipofika, baba aliwaambia wateja wake wote maneno yale yale: "Babu yetu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hakujua zinakwenda kwa nani. Mwanangu anazifuata. Akirudi atatuambia walizifanyia nini."

Na mtani wangu, Mzaramo mmoja aliyekuja na reli akabaki mtaa wa Chemchem akitengeneza baiskeli, hakuniacha nipite.

"Ewe Mnyamwezi, mpagazi wa watu! Babu yako kabeba mizigo ya Waarabu, wewe umembeba mdogo wako. Hicho kichwa mliumbiwa kata ya kubebea mizigo tu!"

"Na wewe uliumbiwa kuchomoa miba kwenye matairi ya watu."

"Mimi nikichomoa nalipwa! Wewe umelipwa nini?"

Waliokuwapo waliangua kicheko, nami nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini swali lake nilikwenda nalo ofisini, nikarudi nalo nyumbani.

Jioni ya siku niliyopewa fomu, baba aliniita. Alikuwa na kitambaa kizito cha sufu alichokihifadhi sandukuni tangu zamani, na sasa alikuwa akishona koti la mdogo wangu, la baridi ya huko.

"Vua hilo shati, simama wima," aliniambia.

"Baba, mimi si yeye."

"Mwili wenu ni mmoja. Yeye mabega yamezidi kidogo, nitaongeza nusu inchi. Usipumue kwa nguvu."

"Baba watoto, mwache mwanangu apumue," mama alisema akicheka.

Nilisimama pale natoka jasho, pini zinanichoma makwapani. Jirani mmoja alichungulia mlangoni. "Lo! Na wewe unakwenda Ulaya?"

Baba alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa kwanza. "Huyu ni mabega tu," alisema. "Mwenye safari yuko Dar."

Hakukusudia ubaya. Baba yangu hakuwa mtu wa kukusudia ubaya kwa wanawe. Nami nilikuwa na miaka karibu thelathini, na mtoto mmoja, si umri wa kulilia koti. Hata hivyo usiku ule nilikuwa na hasira ambayo sikujua kina chake.

Asubuhi nilikwenda tawini mapema, kabla ya kazi. Sehemu ya kwanza ya fomu niliijaza vizuri: ni mkweli, ni mchapakazi, likizo zote alishiriki kazi za kujitolea, alifyatua matofali ya zahanati pamoja na wenzake. Yote kweli. Kisha nikafika kwenye swali la msimamo.

Likizo iliyotangulia, tukiwa uani, mdogo wangu alikuwa amenisomea habari za vyama vya ushirika katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya. Wakulima wa huko, alisema, hukutana kila mwaka, na kiongozi asiyewaridhisha huondolewa kwa mikono kuinuliwa. Akafunga daftari. "Na hapa kwetu, kaka? Nani wa kumwondoa mkubwa wenu pale ofisini? Tumewaambia wakulima nyumba ni yao, halafu ufunguo tumekaa nao sisi." Alishusha sauti akatabasamu. "Haya ni ya mimi na wewe tu."

Niliandika mistari minne. Niliandika kwamba mwombaji ana kasumba ya kuona ya Ulaya kuwa bora kuliko ya nchi yake. Niliandika kwamba amesikika akisema wakulima wamepewa nyumba lakini ufunguo umeshikiliwa na viongozi. Niliandika kwamba akipelekwa huko kabla hajakomaa, huenda taifa lisimpate tena. Nilijua maneno gani yanaogopwa wakati ule, maana ndiyo niliyokuwa nikiyaandika kwenye mihtasari ya mikutano kila wiki. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana asubuhi ile.

Mwenyekiti alifika akifuta vumbi miguuni. "Umemaliza? Umemwandika vizuri?"

"Nimeandika kweli, mzee."

"Kweli ndiyo nzuri," alisema, akapiga mhuri.

Nilikuwa na nafasi ya mwisho hapo. Bahasha ilikaa mezani mpaka saa nne, tarishi alipokuja. Niliitazama nikasema moyoni kwamba wakubwa huko juu watapima wenyewe, mimi nani hata nimzuie mtu asiende Ulaya? Uongo huo nao niliujua kuwa uongo. Nilimkabidhi tarishi kwa mkono wangu.

Mdogo wangu alirudi nyumbani chuo kilipofungwa. Baba alimpokea stesheni na kumuuliza siku ya safari kabla hata hajashusha sanduku. Yeye akamwambia nafasi amepewa mwingine, ni riziki, baba asisikitike. Baba alisikitika. Koti akalikunja na kulirudisha sandukuni pamoja na vidonge vya kafuri vya kuzuia nondo, na siku kadhaa hakushona.

Alasiri ya siku aliyorudi mdogo wangu alitandika mkeka kama kawaida. Hakuwa na daftari.

"Kaka, chuoni niliitwa ofisini nikasomewa maneno yangu."

"Maneno gani?"

"Ya ufunguo."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu.

"Najua wewe ndiye unayeandika pale," alisema. "Nimekaa ndani ya treni usiku na mchana nikifikiri. Nikasema, labda yapo mambo. Labda mwenyekiti alimsikia mtu mwingine. Labda walimbana kaka yangu, ana mke na mtoto, angefanyaje? Basi niambie walikubana, kaka. Sema hivyo tu, na mimi nitakuwa nimeelewa."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Hata aibu yangu alitaka kunibebea. Hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba katika hilo pia alinizidi.

"Si uliyasema?" nilimwambia. "Au hukuyasema?"

Nilifikiri atanipiga, na ningefurahi angenipiga. Aliinuka, akakung'uta mkeka, akaukunja, akaurudisha ndani. Tangu alipojua kusema hakuwahi kukutana nami asubuhi bila kuniamkia shikamoo. Kesho yake tulipokutana mlangoni alisema, "Habari za asubuhi," kama unavyomwambia karani dirishani, akapita.

Sikumfuata. Nilingoja atulie, nikangoja amalize chuo, nikangoja aoe. Mwaka ule ule aliomaliza chuo alipelekwa kufundisha katika chuo cha ualimu, kusini mbali. Barua zake kwa baba ziliandikwa vizuri, na mimi ndiye niliyemsomea baba, kwa sauti. Mwanzoni ziliishia kwa salamu za wote nyumbani. Baadaye aliwataja mmoja mmoja, baba, mama, shangazi, majirani, na baba akawa ananiuliza, "Hajakutaja?" Nikajibu kwamba amenitaja. Nilijisalimia mwenyewe kwa sauti yangu miaka mingi.

Nilimwandikia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, nashukuru hakuijibu. Ya pili nilikiri, lakini sikuweza kutaja lile la jina langu kutokuwamo kwenye orodha, nikaona barua hiyo nayo ni nusu kweli, nikaichana. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuja, akazika, akatoa mkono wa pole kwa kila mwanamume barazani. Nami alinipa, kwa zamu yangu.

Yeye mwenyewe alifariki kabla yangu, kwa kisukari. Nilisafiri siku mbili kwa treni na basi, nikakuta wamekwishamzika. Mlangoni alinipokea mwanawe mkubwa, mtu mzima, mwalimu naye, mwenye mabega yale yale. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea kiti na maji, kisha akainama akauliza, "Samahani, mzee wangu. Wewe na marehemu mlikuwa nani?"

Nafasi ile ya Ulaya sijui alipewa nani. Mdogo wangu aliishi bila hiyo, akafundisha, akapendwa, akawa na wanafunzi waliolia kaburini. Mimi nilibaki karani mpaka kustaafu, na mtihani wa watu wazima sikuufanya, maana hapakuwa na wa kunifundisha. Lakini si hilo ninaloliita hasara. Nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani, alinipenda, na nilimpoteza kwa mkono wangu tukiwa wote vijana. Kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake sikuwa na ndugu, na watoto wake hawakuambiwa kwamba nipo.