Chuma Kilichonyweshwa Maji Kakuma

Mwaka 2013 nilitoka Kitale kwenda Turkana kutafuta mahali pa kuchimba kisima karibu na Kakuma. Ninyi mlioniuliza nafuata nini kwenye joto lile, sababu ndiyo hiyo. Mtambo wa kuchimba ungekuja mara moja tu. Nikikosea, akina mama wa huko wangeendelea kufukua mchanga wa mto mkavu kila siku wakitafuta maji.

Lodwar nililala mtaa wa Kanamkemer. Alfajiri mimi na dereva, Ekai, tukapakia mashine ya kupima, nyaya, betri, vyuma na madumu ya maji. Barabara ilitutikisa mpaka nikasahau kama nilikunywa chai.

Saa tano tukafika kwa mwenyeji wetu, Mama Akiru, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi.

"Ejok!" akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama."

Nikapigilia vyuma ardhini ili nipitishe umeme, mashine ionyeshe kama chini kuna maji. Ardhi ikiwa kavu umeme haushiki, kwa hiyo kila chuma humwagiwa maji yenye chumvi. Nikamwaga. Mama Akiru akashika kichwa.

"Wewe! Chuma inakunywa na mbuzi yangu inaangalia?"

Ekai alicheka hadi akakaa chini. Mimi niliona aibu kweli.

Adhuhuri, kando ya kichuguu kimoja, namba za mashine zikashuka sana. Umeme ulikuwa unapita bila kizuizi. Nikashangilia, maana kwetu Kitale, kwenye mwamba mgumu, ukiona hivyo unajua maji yapo.

"Tunachimba hapa!"

"Hapa?" akasema Mama Akiru. "Baba yangu alichimba hapa. Maji ilitoka. Mbuzi ikanusa, ikarudi."

Nilitaka kubisha, si mimi ndiye mwenye mashine? Kisha akili ikanirudia. Miamba ya huku ni ya mchanga, imejaa vitundu vidogo vidogo. Jiwe lenyewe halipitishi umeme. Yanayoupitisha ni maji yaliyomo vitunduni, na yakiwa na chumvi huupitisha zaidi. Kumbe nilikuwa nimeshangilia chumvi!

Jua likiwa bado juu tukahamia kwenye kona ya mto. Huko umeme ulisitasita, lakini haukugoma kama kwenye jiwe kavu, dalili ya maji yasiyo na chumvi nyingi. Nikaweka alama hapo.

Kesho yake tulirudi Lodwar. Wiki kadhaa sikupata usingizi mzuri, mpaka mtambo ulipokuja nami nikaufuata Kakuma. Maji yalitoka. Watu walipiga vigelegele, lakini mimi na Ekai tulikuwa tunamtazama mbuzi wa kwanza. Akanusa. Akainamisha kichwa, akanywa, wala hakutaka kuondoka. Machozi yalinitoka, sifichi.

Siku hizi nikifika mahali pageni nauliza kwanza mbuzi wamekataa maji wapi, ndipo nawasha mashine.

Siku ile maji yalipotoka, Mama Akiru alijaza kopo lake, lakini hakunywa. Alitembea hadi kwenye chuma changu kimoja nilichokuwa nimekisahau ardhini, akakimwagia taratibu.

"Kunywa," akakiambia. "Ya leo haina chumvi."