Uvundo wa Kompyuta Yangu ya Maji

Niseme mapema: mtindi sinywi. Nikikaribishwa kikombe mahali popote hapa Manyara, ambako kukataa maziwa ya mwenyeji ni karibu sawa na kumkataa mwenyewe, nashika tumbo na kusingizia vidonda. Vidonda sina. Nina kumbukumbu ya kompyuta, na kumbukumbu hiyo ina harufu.

Siku hizo mkoa wetu ulikuwa bado mchanga na Babati ilikuwa imejaa wageni: makarani, wafanyabiashara, watu wa madini, kila mmoja na harusi yake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, kwenye darasa ambalo nusu ya wanafunzi walikuwa na wajukuu, nikajiajiri kuhariri video za harusi. Mali yangu yote ilikuwa kompyuta moja, chumba na sebule vya kupanga kule Maisaka, na mke ambaye alikuwa na mimba changa, ya kwanza. Kompyuta ilikaa chumbani, miguuni pa kitanda, maana sebuleni vumbi la barabara lilikuwa linaingia hata kwenye matundu ya misumari.

Hata huko chumbani halikuiacha. Feni ilivuta vumbi lile jekundu mpaka ungeweza kupanda mahindi ndani ya mashine na kupalilia. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ikipata moto, mashine inajizima, na sijui kwa nini ilikuwa inachagua kujizima bibi harusi anapotaka kukata keki. Nusu ya mabibi harusi wa mkoa huu walikuwa wamesimama kwenye kioo changu, kisu mkononi, wananisubiri.

Kwenye intaneti nikasoma kwamba wenzetu wanapoza kompyuta kwa maji. Basi, nani angenizuia? Kipande cha shaba cha kukaa juu ya prosesa nilikiagiza Arusha kwa jamaa anayeuza vitu vya mtumba. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki wa mapambo. Rejeta ilikuwa ile ndogo ya hita ya gari, niliipata gereji karibu na stendi. Fundi, aliyejua mke wangu ni mjamzito, alidhani nakwenda kumpashia moto, akanisifu kwa huruma, nami sikumkatisha. Mpira ulikuwa ule wa kuonyesha ndani ambao waashi hujaza maji kupimia usawa wa ukuta. Tangi likawa kopo la plastiki la siagi ya karanga, nimelitoboa kifuniko ili mipira na waya wa pampu vipite.

"Maji yanatoka hapa koponi," nilimweleza mke wangu, "yanapita juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kupoa kwenye rejeta, yanarudi. Ni kama damu mwilini."

"Na damu ikimwagika?"

"Haimwagiki."

"Kama lile bomba la jikoni ulilolitengeneza."

Bomba la jikoni lilikuwa bado limefungwa kitambaa.

Maji ya bomba niliyakataa kwa heshima zote. Yalikuwa yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, mgumu kama plasta, na sikutaka plasta kwenye shaba yangu. Nilikinga ya mvua, nikayachuja kwa khanga, nikayachemsha kama mtu anayeyaadhibu. Maji yale yalikuwa safi kiasi cha kubatizia askofu. Kisha nikayahifadhi kwenye dumu la njano ambalo mama mkwe alituletea mtindi kutoka Bonga. Nilikuwa nimelisuuza kwa maji baridi, nikatikisa, nikanusa, nikaridhika. Pua yangu imekulia kwenye maziwa. Kwangu hiyo ilikuwa harufu ya dumu, kama vile kondoo ana harufu ya kondoo.

Mashine ikafanya kazi. Nakiri nilicheza peke yangu mbele yake. Mabibi harusi walikata keki mfululizo bila kukwama. Maji yakipungua koponi, nilikuwa naongezea kutoka kwenye dumu lilelile, na yote yalizunguka yakiwa vuguvugu, mchana kutwa, kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Kisha mke wangu akaanza kutapika. Mimba changa, wakasema wote. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa anaishi upande wa pili wa ua na hakuna kikohozi kilichompita, akasema ni mtoto wa kiume huyo, ana fujo. Nami nikatembea mjini kifua mbele, natangaza fujo za mwanangu.

Lakini mke wangu alikuwa anatapika zaidi akiingia chumbani. Alikuwa anasimama mlangoni ameziba mdomo kwa khanga.

"Humu ndani kuna kitu."

"Ni mimba hiyo."

"Mimba iko tumboni. Hii iko ukutani."

Nilicheka. Kicheko kilikatika kliniki, muuguzi alipompandisha kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Uzito ulikuwa unashuka badala ya kupanda. Akatuambia akirudi hivyo mara nyingine atalazwa, awekewe dripu, maana mtoto naye anahitaji kitu kikae tumboni mwa mama yake. Mke wangu alitazama sakafu. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka saa ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko, na hapo siongezi chumvi.

Nikaanza msako. Nilituhumu sabuni, nikatuhumu vitunguu, nikatuhumu choo cha jirani. Nilisogeza kabati nikitafuta panya aliyekufa, nikasikitika kutompata. Nilimwaga dawa ya choo kwenye pembe zote, sasa kikawa chumba kinachonuka uvundo na hospitali kwa pamoja. Mashine sikuigusa. Maji yake yalikuwa yamechemshwa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Bonga kumwona mtoto wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, isipokuwa mwenzangu na hilo tumbo."

"Nimesikia." Akakaa sebuleni. Akavuta pua. Akatazama pazia la mlango wa chumbani, akaangalia pembeni haraka, kama inavyompasa. Chumba cha mkwe wake hawezi kukiingia. Hata kukitazama sana ni aibu, kwake na kwangu pia. Ningekuwa naungua humo, angenimwagia maji kupitia dirishani.

"Baba, huko ndani mmefuga?"

"Hapana mama."

"Hata ndama?"

"Ni chumba cha kulala, mama."

"Nauliza tu." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Mimi huko siendi, unajua. Lakini harufu yenyewe haina adabu, imetoka kunipokea."

Akaamua yeye: atakaa uani, mimi nitoe vitu kimoja kimoja. Basi siku ile mali yangu ya ndoa ilitembea mbele ya mama mkwe katika jua la mchana. Godoro, akanusa kwa mbali, akatikisa kichwa. Kapu la nguo chafu, akatikisa kichwa. Mama mwenye nyumba alileta kigoda chake akakaa naye, bila kuitwa.

"Viatu hivyo navyo," mama mwenye nyumba alisema.

"Viatu vina kesi yake," mama mkwe akajibu, "lakini si hii."

Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta na beseni mapajani. Nilipotokeza nimekumbatia kompyuta, rejeta inaning'inia ubavuni, sikuwa hata nimevuka kizingiti, akatapika. Mama mkwe akainua kidole. Hakuna daktari aliyewahi kugundua ugonjwa upesi namna ile.

Nikafungua kifuniko cha kopo.

Naomba anayekula aache kwanza. Juu kulikuwa na utando wa rangi ya njano, mnene, wenye mikunjo, kama ngozi ya mzee aliyekaa sana kwenye maji. Niliuchoma kwa kijiti, ukatoa pumzi. Chini yake pampu ilikuwa imevaa sweta la ute. Ndani ya mipira, ile ya kuonyesha ndani, kulikuwa na nyuzi za kijani na nyeupe zinazocheza taratibu kama kamasi iliyojifunza kuogelea. Nilipomwaga, yakatoka maji na vipande, vipande vikitua chini kwa sauti ya kitu kinachopigwa busu. Mbwa wa jirani alikuja mbio, akanusa, akarudi alikotoka, na sidhani kama alituamini tena binadamu.

"Maji ya nini haya?" mama mkwe aliuliza kupitia khanga.

"Ya mvua. Niliyachemsha."

"Ukaweka wapi?"

Nikaleta dumu. Akalitazama.

"Si langu hili? Nilidhani mtindi mlikunywa."

"Tulikunywa, mama."

"Naona mlibakiza."

Nikaingiza kidole shingoni mwa dumu, upande wa mshikio ambako maji ya kusuuza hayakuwa yamefika. Kikatoka na krimu ya miezi. Nami nikaenda nyuma ya bafu nikatapika, tukawa wajawazito wawili.

Rejeta na shaba nilivisafisha kwa maji ya moto na siki. Mipira haikusafishika, niliitupa chooni nikanunua mipya. Sasa natumia maji ya chupa iliyofungwa, yale yasiyo na chumvi, na kila mwezi nayabadilisha nje, nimegeuza uso, hata yakiwa safi kabisa. Mashine ikahamia sebuleni, ndani ya chandarua.

Lakini siku ile jioni mke wangu alitapika tena. Uvundo ulikuwa umekaa kwenye mapazia. Tuliyafua, tukapiga deki, tukaacha madirisha wazi vumbi liingie litakavyo, na kesho yake akatapika uji. Mama mkwe alikunja khanga yake, akakaa siku nyingine. Mimi nilianza kufikiria kwamba labda nimechelewa.

Siku iliyofuata, adhuhuri, mke wangu alitoka chumbani bila kuziba mdomo.

"Nataka dagaa," akasema.

Dagaa, jamani. Mama yake aliwakaanga palepale uani, na moshi wake ulinifuata kila nilipohamia. Mke wangu alikula na ugali, polepole. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunamtazama koo kama watu wanaotazama penalti. Akasimama ghafla, tukasimama wote, mimi nimeshika beseni.

"Nakwenda kuchukua ndimu," akasema. "Kaeni."

Tukakaa. Akarudi na ndimu, akaikamulia juu ya vichwa vya dagaa vilivyobaki sahanini, akavitafuna kimoja kimoja. Kisha akamnyooshea mama yake sahani tupu.

"Wamebaki?"