Jeki Nyepesi ya Sindano

Mtaani walimwita Sindano kwa sababu alishona viti vya magari, na kwa sababu mdomo wake ulichoma. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi, majora ya ngozi ya plastiki yamesimamishwa ukutani, na cherehani nzito katikati. Humo ndimo alimoambukizwa ugonjwa wa mwendo. Mteja mmoja alimweleza kwamba nje ya mji kuna uwanja wa mbio ambao baadhi ya Jumamosi huwafungulia watu wa kawaida wakimbize magari yao, bila kombe wala mshindi. Sindano akaenda kuangalia tu. Alirudi hana usingizi. Haukupita muda akawa na gari dogo kuukuu, akalishusha mpaka tumbo lake likakaribia kulamba lami.

Kaka yake, fundi wa matairi aliyekwisha kustaafu, alipolisikia jambo hilo alipandisha hasira. "Kama unataka kufa, fia nyumbani, utupunguzie nauli."

Lakini Jumamosi ilipofika alikuwa mlangoni kwa Sindano, dada yake, asubuhi na mapema, amevaa ovaroli, ameegemea jeki yake ya gereji, chuma kitupu, nzito kama ng'ombe aliyegoma kuamka.

"Umekuja kufanya nini na hilo jinamizi?" Sindano akauliza.

"Nati za gari lako hazikazwi na mtu nisiyemjua."

Basi ikawa hivyo. Waliinua jeki wakiwa wawili, wakaitumbukiza kwenye buti, gari likainama nyuma kama linaloomba radhi. Uwanjani kaka alivua matairi ya barabarani, akafunga yale laini ya kukimbilia, na jioni akayarudisha ya kwanza. Sindano akitoka kwenye mzunguko, kaka alipitisha kiganja juu ya tairi lililo moto na kumsoma.

"Kwenye ile kona ya kushoto umeogopa."

"Sikuogopa, kaka. Nilikuwa na busara."

"Tairi linasema umeogopa."

Wakabishana hivyo mpaka kofia ngumu ya mbio irudi kichwani mwa Sindano. Sindano hakujua wakati huo kwamba ubishi ule ndio uliokuwa nusu ya raha yake.

Kisha mgongo wa kaka ukaanza kumsumbua. Sindano aliona kwanza namna alivyoshika mlango wa gari kabla ya kuinuka kutoka chini, akikaa hapo kidogo kama anayefikiri. Safari nyingine wakati wa kupakia jeki, uso ulimkunjamana, jasho likamtoka ingawa jua lilikuwa halijapanda.

"Mgongo?"

"Nimelala vibaya."

"Umelala vibaya tangu mwezi uliopita?"

"Kitanda ni kilekile," kaka akasema, akafunga buti kwa kishindo.

Sindano hakubishana. Katikati ya wiki alifunga karakana, akaenda duka la vipuri. Muuzaji, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpangia jeki juu ya kaunta. Ile iliyosimama kama chupa ilikuwa na nguvu, lakini haingepita chini ya gari lililoshushwa. Ile ya kukunjuka kama mkasi ilikuwa ndogo, ila kuizungusha kungekula muda wote wa mapumziko, na Sindano hakupenda jinsi ilivyotikisika. Mwisho muuzaji akatoa moja ya alumini yenye magurudumu madogo, kichwa chake kifupi kama ulimi, na mpini unaochomoka vipande viwili. Sindano alichuchumaa, akapima urefu wa kichwa kwa kiganja chake, kama alivyozoea kupima vitambaa. Kingepita. Akaibeba kwa mkono mmoja, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi.

"Nani atakayeitumia?" muuzaji akauliza.

"Mimi mwenyewe."

Alijibu kwa furaha. Alikuwa anamwona kaka yake ameketi kwenye kiti cha turubai, miguu ameinyoosha, anakunywa chai. Wazo la kumwambia aje wachague pamoja lilimpitia, akaliacha. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Jumamosi hiyo alimpitia kaka kwake. "Jeki yako iache leo," alimwambia, wala hakueleza. Walipofika uwanjani, kaka alipokuwa bado anakunjua mikono ya ovaroli, Sindano alitoa jeki mpya, akaisukuma chini ya gari, akakandamiza mpini mara chache, na gari likapanda. Kimyakimya, bila hata kuguna. Madereva wa magari ya jirani wakapiga makofi.

"Mzee!" mmoja wao akamwita kaka. "Leo umestaafishwa mara ya pili!"

Watu walicheka. Kaka naye akacheka. Na Sindano, ambaye mdomo wake haukuwahi kumwacha mtu bila jibu, alicheka pamoja nao. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema.

Kaka aliinama akaitazama jeki. "Inaingia vizuri," akasema. "Umechagua vizuri sana." Sindano alipomaliza kufunga matairi, kaka akapima nati moja kwa spana, akakuta imekazwa, akaenda kukaa. Sindano alipotoka kwenye mzunguko, kaka hakuja kugusa tairi.

Safari iliyofuata alisema ana mgeni. Nyingine, ana harusi. Iliyofuata hakutaja sababu. Mwisho Sindano akaenda kwake, akamkuta wifi yake uani akianika nguo.

"Yupo ndani," wifi akasema. Kisha akashusha sauti. "Ile jeki yake ya chuma ameigawa, unajua? Amempa fundi wa barabarani. Zamani ikifika katikati ya wiki alikuwa ananitia wazimu, mara aipake mafuta, mara aulizie ovaroli yake. Sasa hata siku ya leo ni ipi hajui."

Kaka alikuwa sebuleni, redio inaongea peke yake.

"Kaka, niliinunua kwa ajili ya mgongo wako."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirika."

"Mbona huji, basi?"

"Nije nifanye nini? Nikae pale kama begi?"

"Ukae tu. Unisomee matairi."

Alitabasamu, lakini kwa adabu, kama mtu anayetabasamia mgeni. "Wewe umeshajua kwamba kazi yangu pale imekwisha, mdogo wangu. Umejua kabla yangu." Akamuuliza kama atakunywa chai.

Sindano bado huenda uwanjani. Jeki haijawahi kumwangusha. Anabadilisha matairi peke yake, na wageni humuuliza aliipata wapi. Huwaelekeza dukani. Baadhi ya siku, akishatoka kwenye mzunguko, huvua glavu na kuweka kiganja chake juu ya tairi. Huhisi joto tu. Wiki iliyopita alimpigia kaka yake tena kumwalika, na kaka akasema, "Tutaona." Sindano alimjua tangu utotoni, akasema sawa, akamtakia usiku mwema, akabaki ameishika simu muda mrefu baada ya kaka kukata.