Mama yangu aliitwa mchawi kwa sababu ya vimishipa vya damu vya mwanangu

Wakuu salaam. Mlioko kazini, mlioko kitandani na mnaosoma huku mnamkwepa bosi, wote nawasalimu.

Haya yamenitokea mimi, sio rafiki yangu wala jirani. Nimebadilisha majina tu. Naandika kwa simu huku natupa jicho kwenye cherehani, nikikosea herufi mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Manundu, Korogwe mjini. Mume wangu ni fundi pikipiki. Nitamwita Baba Salma, kwa sababu tuna binti mmoja, na huyo tumwite Salma.

Kwetu ni Vugiri, kule juu milimani. Wasambaa, wakulima. Mume wangu ni Mzigua wa Handeni.

Kwa hiyo Salma ana bibi wawili. Bibi wa Vugiri ni mama yangu mzazi. Bibi wa Handeni ni mama mkwe wangu. Washikeni hao wawili, uzi huu ni wao.

Kwa msiopajua, Korogwe mjini ni joto la kulala mlango wazi. Ukianza kupanda kwenda Vugiri, masikio ndiyo yanayokuambia kwanza, yanaziba. Asubuhi ukungu, na ukifika kipupwe mtu akiongea anatoa moshi mdomoni.

Mara ya kwanza kumpeleka Salma kwa mama yangu alikuwa bado hajaanza kutembea. Mama alifurahi mpaka akawa anacheka mwenyewe jikoni. Mtoto hakugusa chini, mgongoni kwa bibi asubuhi mpaka jioni.

Siku chache baadaye akavimba vidole. Vya mikono, vya miguu, vimejaa kama vimepulizwa. Ukimgusa analia mpaka sauti inakatika.

Tukashuka naye, zahanati wakatupa dawa, uvimbe ukaisha taratibu.

Bibi wa Handeni alipokuja kumuona hakuuliza dawa gani. Aliuliza, "Mlikuwa mmempeleka wapi?"

Nikamwambia Vugiri, kwa mama.

Akasema, "Haya." Neno hilo moja tu. Walioolewa wanaijua "haya" ya mama mkwe.

Mara ya pili Salma alikuwa anaongea vizuri kabisa. Tulipanda kwenye arusi ya ndugu yangu. Mvua ikanyesha, baridi ikashika, watoto wanacheza nje kama kawaida yao.

Kesho yake akaja akanishika gauni. "Mama, miguu inauma ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye mfupa."

Mtoto mdogo vile kujua habari za mfupa ilinishtua. Kabla ya jua kuzama alikuwa hawezi kusimama. Tukamshusha kwa pikipiki nimemfunga kifuani. Zahanati wakampima malaria, wakampa dozi na dawa ya maumivu, akapona.

Sasa nisimamishe stori kidogo hapa, maana pana jambo.

Salma aliwahi kuumwa hivyo hivyo tukiwa nyumbani Manundu. Homa, miguu inauma, analia. Zaidi ya mara moja. Tukasema malaria, yakaisha. Hakuna aliyeyaweka moyoni. Zile za Vugiri ndizo zilizokumbukwa, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumtaja.

Na alitajwa. Bibi wa Handeni alimpigia mwanawe simu, na Baba Salma aliweka sauti ya nje bila kujua nimesimama mlangoni.

"Mwanangu, mara ya kwanza Vugiri. Mara ya pili Vugiri. Unasubiri ya tatu ili umzike? Yule mama ana jambo na mtoto wako."

Mume wangu akajibu, "Mama, acha hayo." Lakini alijibu kinyonge, na wote wawili tulisikia.

Wiki ile akaniambia, bila kuniangalia, kwamba kwa sasa tusipande. "Sisemi mama yako ana ubaya. Nasema tupumzike kwanza."

Wakuu, kuna maneno mtu anakuambia kwa upole na bado yanakukata.

Maneno ya namna hii hayakai bondeni, yanapanda mlima yenyewe. Mama yangu akayasikia. Sikumwambia mimi, na mpaka leo sijui nani alimwambia. Nikampigia kumsalimia kama siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Salma hajambo?"

"Hajambo. Mwezi ujao nikipata nafasi nitam..."

"Usimlete."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Usimlete tena mwanangu. Akifia mikononi mwangu nitakuwa mchawi kweli. Bora nisimuone, lakini awe hai."

Nilikata simu nikarudi kwenye cherehani. Kitambaa cha mteja nilikishona vibaya chote, ikabidi nifumue.

Hali ikakaa hivyo. Mama hapigi. Mimi nikipiga tunaongea habari za mahindi na mvua. Salma akiuliza "bibi wa juu" yuko wapi, baba yake anatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haina tatizo.

Ikaja Idd ya kuchinja, ikaangukia kwenye kipupwe. Tukaenda Handeni kwa mama mkwe. Nisimsingizie, yule mama anampenda Salma. Kuku mnono ni wa Salma, mkeka mzuri ni wa Salma.

Asubuhi ya sikukuu nilikuwa jikoni napika chai. Bibi akamwamsha mjukuu wake mapema ili amtengeneze mwenyewe. Akamwogesha uani kwa maji ya mtungini. Handeni na yenyewe kipupwe hakichekeshi, na maji ya mtungi yalikuwa yamelala nje. Nilimsikia Salma anapiga kelele na bibi yake anamchekea, "Tulia upendeze!" Akampaka mafuta, akamvalisha gauni jipya.

Mchana Salma hakula. Akaja akalala miguuni kwangu. "Mama, mfupa."

Jioni mikono na miguu yote, mgongo mpaka kifua. Kilio kile kile. Macho yana umanjano.

Nilimwangalia mama mkwe wangu. Alikuwa amesimama mlangoni kashika pindo la kanga. Hii haikuwa Vugiri. Hapa palikuwa kwake.

Tukambeba mtoto mpaka hospitali.

Tulipokelewa na daktari wa kike, kijana. Hakuanza na malaria. Alimfunua Salma macho, akamminya tumbo, akauliza, "Alipokuwa mchanga aliwahi kuvimba vidole?"

Nikasema ndiyo.

"Maumivu yanamjia wakati wa baridi?"

Nilikuwa nauona mlima wote wa Vugiri kichwani.

Wakamwekea dripu, dawa ya maumivu ya nguvu, wakamfunika blanketi. Wakachukua damu. Majibu yalipotoka Salma alikuwa ameshapata usingizi. Selimundu, huku mtaani tunaita siko seli.

Baba Salma akauliza kama ameambukizwa. Daktari akavuta kiti, akakaa na sisi. Nitajitahidi kuandika alivyosema, maana alisema kwa lugha ya kueleweka.

Alisema moyo unasukuma damu kwenye mishipa mikubwa, lakini kazi yenyewe haifanyiki kwenye mikubwa. Inafanyika kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele, vimejaa kila mahali, kwenye nyama na kwenye mifupa. Vimishipa hivyo ukuta wake ni laini mno, hewa ya oksijeni na chakula vinatokea hapo kuingia mwilini, na uchafu unaingia hapo kwenda kutolewa. Chembe za damu zinapita humo kwa mstari mmoja, tena kwa kujibana.

Halafu akasema, kabla ya kufika humo kuna mishipa midogo yenye misuli, hiyo ndiyo inayopanga damu iende wapi. Ukikimbia, ya miguuni inalegea, damu inamwagika huko. Ukipigwa na baridi, ya kwenye ngozi, ya mikononi na miguuni inabana, ili joto lisitoke mwilini.

Mama mkwe akasema, "Ndiyo maana asubuhi vidole vinakufa ganzi."

"Ndiyo hivyo bibi," daktari akamwambia. "Mimi na wewe tukipigwa na baridi damu inapunguza mwendo, tukiota moto inarudi. Chembe zetu ni laini, zinajikunja zinapita. Za Salma zikikawia humo zikaishiwa hewa, zinakakamaa na kupinda kama mundu. Zinakwama. Nyuma zinakuja nyingine, nazo zinakwama. Mfupa ulio mbele haupati hewa, haupati chakula. Huo mfupa ndio unaomliza."

"Kwa hiyo ni baridi," akasema mama mkwe.

"Baridi mojawapo. Homa pia, kuchoka, kutokunywa maji. Wakati mwingine yanakuja tu, hatuoni sababu."

Mama mkwe akaangalia mikono yake. "Nilimwogesha maji ya baridi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza."

Wakuu, hapo ndipo nilipokuwa nimepasubiri kwa muda mrefu. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa siku nyingi. Nikamwangalia, nikayaona maneno yenyewe hayana pa kwenda. Alikuwa mama mzee kwenye benchi la hospitali, kavaa nguo za Idd.

Daktari akasema, "Bibi, hakuna aliyemuumiza. Kazaliwa nayo. Nusu katoka nayo kwa baba, nusu kwa mama. Wao kila mmoja kabeba moja, ndiyo maana hawaumwi."

"Kwa baba pia? Kwetu?"

"Kwenu pia."

Mama mkwe akauliza taratibu, "Na mtoto mchanga akivimba vidole, akawa mweupe machoni, akafa... naye ni hii hii?"

Daktari akasema hawezi kumsemea mtoto ambaye hakumpima, ila inawezekana kabisa.

Mama mkwe akainuka, akatoka nje. Baba Salma akataka kumfuata, nikamshika mkono. Nikamwambia mwache.

Salma aliruhusiwa baada ya siku kadhaa. Tukapewa vidonge vya kila siku, kliniki, na maelekezo: anywe maji mengi, avae nguo za joto, alale kwenye chandarua, na homa yoyote isisubiriwe nyumbani. Nilipouliza kuhusu Vugiri daktari alisema hajatukataza kwenda kwa bibi, twende miezi ya joto na tumfunike.

Siku tuliyorudi Manundu, Baba Salma alichukua simu yangu akampigia mama yangu mwenyewe. Alitoka nje kuongea, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Sikumuuliza.

Miezi ya joto ilipofika tukajiandaa kupanda. Kumbe mama mkwe naye katoka Handeni na kimkoba chake. "Nami nakwenda," akasema.

Tulipofika, mama yangu alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alipomuona akasimama, punje zikamwagika. Hakuna aliyetoa mkono kwanza.

Mama mkwe akapiga magoti. Mwenye umri ule! Nilikimbia kumwinua, akanisukuma.

"Mkwe," akasema, "nilikutangaza. Sina cha kujitetea."

Kisha akasema jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Kabla ya Baba Salma alizaa mtoto wa kike. Akavimba vidole, akawa mweupe, akafa. Akamshika mke mwenzake kwamba ndiye aliyemloga. Akamsema kijiji kizima mpaka mume akamfukuza, akaondoka na kitoto chake mgongoni.

"Nimemtafuta tangu tulipotoka hospitali," akasema. "Nimeambiwa alishafariki, huko Mnyuzi. Wewe nimekuwahi. Yule sikumwahi."

Mama yangu alikuwa bado kashika gunzi. Mimi namjua, alikuwa na uchungu wa kutosha kumwacha pale pale chini. Akainama, akamshika kwapani, akamwinua.

"Ingia ndani," akamwambia. "Upepo huu sio wa kukalia nje."

Wakaingia. Wakakaa jikoni kwenye moto wote wawili na Salma katikati, amevikwa masweta mawili, anatoka jasho na kulalamika.

Sio kwamba sasa wanapendana. Mama yangu akimtaja bado anavuta pumzi kwanza. Salma naye ameumwa tena mara moja tangu hapo, ila tulijua cha kufanya na tuliwahi.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi na mume wangu tulitembea na hii kitu miaka yote bila kujua, tukaoana bila kupima. Mtoto akivimba vidole, akilia mifupa, akiwa na umanjano machoni, mpimeni damu kabla hamjaanza kuuliza alilala kwa nani. Na mnaotaka kuoana, kapimeni na hii pia.

Nawaachia uwanja, wakuu. Wenye watoto wa siko seli nipeni uzoefu wenu, hasa namna mnavyowavusha kipupwe. Madaktari wa humu mkiona nimemnukuu daktari vibaya nirekebisheni.

Na kama kuna mtu alikulia Mnyuzi, akamjua mama mmoja wa Kizigua aliyefika zamani na mtoto mgongoni, kafukuzwa Handeni, naomba anijibu. Yule mtoto sasa atakuwa mtu mzima. Kuna bibi huku anataka kumwambia kwamba mama yake hakufanya kitu.