Ndege wa Nyota Bafuni kwa Bi Mahfudha

Bi Mahfudha alikuwa mjane wa makamo aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa wake, Old Kampala. Babu zake walifika na misafara kutoka Bagamoyo, wakaoa na wakazikwa hapo hapo, na yeye mwambao hakuujua ila kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Barazani alifuga chiriku. Asubuhi watoto wakisoma alifu, chiriku waliimba juu ya vichwa vyao, na wapita njia wakapunguza mwendo.

Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa ya Mhindi muuza vitambaa. Wahindi walipofukuzwa, nyumba akapewa kapteni mmoja wa jeshi. Bi Mahfudha alimwamkia jirani huyo kwa kuinamisha kichwa tu, kisha huyo ndani. Miaka ile ilikuwa heri kutojulikana na mwenye bunduki.

Asubuhi moja kapteni alivuka barabara na tenga dogo mkononi. Ndani ya tenga mlikuwa na ndege mdogo wa kahawia, mwenye madoadoa ya dhahabu kama aliyemwagiwa pumba. Kapteni alieleza kwamba alikuwa doria juu ya Mlima Masaba, mpakani mashariki, akiwasaka watu wa magendo ya kahawa, na kule msituni, ndani ya ukungu, akasikia ndege akiimba hata akasahau kilichompeleka. Askari wake ndio waliomkamatia huyu, chini ya kichaka.

"Lakini hii iko bubu," alisema. "Ndege yako inaimba kila siku. Wewe iko mwalimu. Fundisha yeye."

Bi Mahfudha alitaka kusema hapana. Alichosema ni ndiyo, afande.

Alimtundika ndege kati ya chiriku, akampa mtama. Hakuugusa. Akampa ulezi, akampa makombo ya mkate, wapi. Jua la mchana lilipoingia barazani alitanua mdomo akihema, na siku ya pili alikuwa amejikunyata pembeni, macho yamefumba nusu. Bi Mahfudha alijua ndege akifa hakuna atakayesikiliza maelezo. Alivaa buibui, akachukua tenga mpaka sokoni Bukoto, kwa Nabalayo, mwanamke aliyemuuzia kabichi miaka mingi na ambaye kwao ni huko huko Masaba.

Nabalayo alichungulia ndani ya tenga, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Mwalimu, huyu unampa mtama? Huyu anakula wadudu. Anafuata siafu."

Akamweleza kwamba siafu wakipita msituni, kila mdudu hukimbia mbele yao, na ndege huyu hutua kwenye kijiti cha chini akiwadaka wanaokimbia. Hapandi juu ya miti wala hapendi jua. Makao yake ni gizani, kule ambako wingu hushuka likalala na magogo yameota manyoya ya kijani. Aliyekomaa ana kichwa cha kijivu, tumbo la manjano kama kiini cha yai, na nyota nyeupe mbele ya kila jicho. Nyota ya tatu iko kooni, ameificha; huionyesha akigombana au akitafuta mke. Wenye madoadoa ni watoto, wasionekane kwenye majani makavu.

"Kumbe huyu ni mtoto," alisema Bi Mahfudha.

"Mtoto kabisa. Utamfundishaje kuimba na hata nyota hana?"

Chumba pekee chenye baridi kilikuwa bafu. Wanawake hao wawili walitundika humo magunia yaliyolowa maji, wakatandaza majani ya mgomba, wakaziba dirisha kwa kanga. Wanafunzi walitumwa kuchimbua mchwa. Nabalayo alimsogezea ndege mchwa wa kwanza kwa njiti. Akameza, akafungua mdomo tena. Tangu hapo Bi Mahfudha akawa anaogea uani, nyuma ya mkeka.

Ikabaki kumwambia kapteni. Alikwenda mwenyewe, akamkuta anapiga viatu rangi.

"Afande, ndege wako ni mtoto bado. Hataimba mpaka akue. Hata wewe hukuzaliwa na magwanda."

Maneno ya mwisho hakuyakusudia. Yalimtoka kama yanavyomtoka kwa wanafunzi. Kapteni aliweka brashi chini. Kisha akacheka hata mlinzi wa getini akageuka. Akauliza ndege anakula nini.

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika alileta kopo zima. Bi Mahfudha alikaanga nusu, nusu ikaenda bafuni. Kapteni akazoea kuja jioni, akivua mabuti barazani kwa sababu kishindo kilimtisha ndege, akaketi bafuni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya kama mwanafunzi mgeni. Majirani waliyaona yale mabuti, wakaharakisha mwendo.

Madoadoa yalipukutika kidogo kidogo. Tumbo likawa la manjano, na mvua za masika zilipoanza nyota zikachomoza. Asubuhi moja Bi Mahfudha akiwa uani alisikia mluzi laini, wa sauti mbili, mara tatu. Kisha kimya. Kisha tena.

Kapteni aliitwa, akasikiliza. Nabalayo naye aliposikia alisema dume huita hivyo, akangoja jirani yake amjibu. Ndivyo wanavyogawana msitu.

"Afande," alisema Bi Mahfudha, "hapa nani atamjibu?"

Kapteni alivaa mabuti, akavuka barabara. Jumapili alisimamisha Landrova mlangoni na kuwaambia wanawake wote wawili wapande. Kwenye kila kizuizi cha barabarani askari walipiga saluti, wakachungulia tenga.

"Mgonjwa inarudi nyumbani," aliwaambia, na kamba ikashushwa.

Wingu lilikuwa limeshuka walipofika msituni Masaba. Bi Mahfudha alifungua tenga kwa mikono yake. Ndege aliruka chini chini, akaingia gizani bila kutazama nyuma. Walisimama wakitetemeka kwa baridi mpaka mluzi ukatoka upande mmoja, na mwingine ukaujibu ng'ambo ya bonde. Kapteni alivua kofia, akaipangusa matone ya ukungu, akaivaa tena.

Mwaka uliofuata alihamishiwa kaskazini. Bi Mahfudha aliendelea kupanda mlima na Nabalayo kila shule ya Kurani ilipofungwa, amevaa sweta la kiume juu ya buibui. Safari moja mama yake Nabalayo, mwenyeji wao huko mlimani, alimshika mkono, akamwinamisha penye mizizi ya mti. Chini kabisa kulikuwa na kijumba cha majani, chenye paa, mlango ubavuni. Ndani, jike mwenye nyota alikuwa ameatamia, anamtazama.