Fundo la Bradley Kule Kipro

Nilisoma mpaka darasa la saba, na wakati wetu darasa la saba lilikuwa kitu. Kwa hivyo naandika mwenyewe. Naandika habari ya Kiprono kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa kanisani kwa midomo michafu.

Nilikuja Doha mwaka wa 2006 kumlelea wajukuu binti yangu Daisy, muuguzi. Tukakaa mtaa wa Abu Hamour. Kiprono nilimjua kwenye ibada za Ijumaa, maana huku kanisa ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Alikuja na basi la kambi ya vibarua kutoka Industrial Area, shati lake limenyooka kuliko mashati ya hao wa ofisini. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya maghorofa akining'inia kwa kamba. Ni mtu wa Marakwet, kule juu ya bonde la Kerio, ambako mtoto hutumwa maji chini ya jabali na kurudi nayo kichwani kabla ya kwenda shule. Kimo hakimtishi.

Watu wa kamba wana desturi yao. Hakuna anayeshuka kutoka paani kabla mwenzake hajalishika fundo lake, akalivuta, akasema, "Nimeshika." Si kutazama, ni kushika. Mwaka wa 2009 Kiprono mwenyewe alifunga kamba pasipofaa, na ni mkono wa mwenzake Japheth uliogundua.

"Mama, macho hukubali haraka," aliniambia. "Vidole vinabisha."

Kufikia 2014 bega lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa kazi. Usiku hakulilalia, na kuinua kikombe ilikuwa shida. Palikuwa na nafasi ya msimamizi wa kamba, mtu wa kukaa paani na kukagua wenzake, lakini ilihitaji barua ya mkubwa. Mkubwa huyo alikuwa Bradley, Mkenya mwenzetu, mtu wa ofisi, tumbo limetangulia. Alikuwa amejifunza kupanda kwenye ukuta wenye mawe ya plastiki ndani ya jumba la mazoezi, na sasa alitaka mwamba wa kweli. Akapanga likizo ya Idi, watu sita wa kanisani, kwenda Kipro, kile kisiwa alikotoka Barnaba wa Matendo ya Mitume. Akamwambia Kiprono aje kuwashikia kamba, tikiti atalipa yeye, na wakirudi barua ataipata.

Nilikwenda kwa sababu Daisy alikwenda, na mtoto wake mdogo hakuwa na wa kumwangalia. Nashukuru nilikwenda. Nisingeona, ningeamini niliyoambiwa.

Asubuhi ya kwanza tulipanda kwa miguu kwenye njia ya mbuzi, kati ya misonobari, bahari ikionekana chini. Pahali pazuri, Mungu anajua. Lakini hao wasomi walivyopachafua! Karatasi za chooni nyuma ya kila jiwe, maganda ya ndizi, chupa. Walikanyaga shamba la kunde la mzee wa watu kwa sababu picha ilitoka vizuri hapo. Kiprono alikuwa nyuma, amebeba kamba zote na maji yao, kwa bega lile lile. Hakuna aliyesema lete nikusaidie. Mimi niliokota takataka mpaka mfuko ukajaa, na Bradley akacheka, "Shosh, hata huku unafanya kazi ya usafi?" Nikainama kuokota nyingine. Mimi si shosh wake; nina wajukuu wangu.

Tulipofika kwenye mwamba, Bradley akavua viatu akavaa vile vya kubana vya kupandia. Miguu ilinuka mpaka mtoto akageuza uso. Akajipaka viganja ule unga mweupe kama mtu wa kukanda chapati, akafunga kamba kwenye hanesi, ule mkanda wa kiuno na mapaja, akaamuru Pamela, mwimbaji wa kwaya yetu, aanze kupiga picha. Kiprono alikuwa kando yake, upande wa pili wa kamba umepita kwenye chuma cha kiunoni mwake ili amzuie akiteleza. Akasogea akanyoosha mkono ashike fundo.

Bradley akaupiga kofi mkono ule.

"Wee buda, usiniguse kwa picha. Huku hatuoshi madirisha."

"Ni kulishika tu, bosi. Nikishalishika panda."

"Nimefunga mwenyewe. Ama barua huitaki?"

Kiprono akalisugua lile bega. Kisha akaitoa kamba kwenye chuma chake taratibu, akaiweka chini, akakaa juu ya jiwe.

"Basi sishiki kamba," akasema.

Wakamtukana. Wengine walisema amelewa cheo, wengine eti mtu wa kambi ukimpandisha ndege hujisahau. Bradley akatafuta mwingine wa kumshikia, na hakuna aliyejua. Ndipo Daisy akaenda, akalikamata fundo na kulivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea kugeuza wagonjwa. Kitanzi kikang'oka na kumbakia mkononi. Bradley alikuwa amefunga kamba kwenye kitanzi chembamba cha pembeni, cha kutundikia vyuma, kisichobeba hata mtoto.

Bradley akatapika nyama za asubuhi pale pale, akajipangusa mdomo kwa taulo ya Kiprono. Asante hakusema. Kiprono aliifua taulo ile mara tatu, kisha akaitupa.

Ijumaa iliyofuata, kanisani, Bradley akasimama kutoa ushuhuda. Alikuwa karibu kupanda, akasema, na Bwana akamwonya fundo ni baya. Watu wakapiga makofi. Kiprono alikuwa kiti cha nyuma, anatazama viatu vyake. Nikasimama.

"Bradley, huyo Bwana alituma mkono, na mkono ulikuwa na jina. Uliupiga kofi."

Nikakaa.

Nadhani ni aibu iliyoleta barua, wiki mbili baadaye. Kiprono alikuja nayo jikoni kwangu, akaisoma kwa sauti. Ilimsifu sana. Ilisema ni mfanyakazi mtiifu, asiyebisha wakubwa wake kwa jambo lolote.

Akaikunja.

"Mama, kwa hii wataniweka paani kwa sababu sibishi. Siku nitakapobisha watasema nimebadilika. Na watu watakuwa wameshashuka na mafundo mabaya."

Nilimwambia aichukue, bega lile litamlemaza. Nilimwambia kwa ukali, na sijutii, nilikuwa namwonea uchungu. Alimrudishia Bradley barua siku ile ile na kumwomba aandike yaliyotokea Kipro, kama yalivyotokea. Bradley alikataa.

Miaka miwili sasa Kiprono bado anaosha vioo, siku hizi kwa mkono wa kushoto. Bradley bado anatoa ushuhuda ule ule, na safari hii ameongeza malaika. Mimi hukaa kiti cha mbele, namtazama mdomoni mpaka amalize.