Petroli ya Mtungi wa Molasi

Naogopa mto. Nianze na hilo ili asitokee mtu wa kuniita shujaa. Kuogelea najua, nilijifunzia kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe nyumbani Matungu, lakini bwawa limetulia. Nzoia ikifurika hubeba miti mizima, hubeba kuku, na siku moja nimeiona ikipita na choo cha mabati mlango ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

Mwaka mmoja maji yalifunika daraja la miguu, na jamaa mmoja akaleta boti ya faiba kutoka ziwani, yenye injini ya petroli nyuma, akawa anavusha watu. Mimi ni fundi wa pikipiki na pampu za maji. Injini yake ikimsumbua aliniita mimi, nami nilikwenda kifua mbele, kwa sababu fundi wa sokoni hakubali kuna injini asiyoijua. Majivuno hayo yalinitokea puani.

Mke wangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Hakuruhusiwa kuinua hata sufuria, na tuna watoto watatu. Ikabidi nimfuate mama yake ng'ambo ya mto aje akae nasi.

Kwetu mama mkwe, tunayemwita mavyala, huheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono wala hukai naye kiti kimoja. Ukikutana naye njiani unampisha, na yeye hawezi kusimama mbele yako kichwa wazi. Katika miaka kumi ya ndoa yangu sidhani nilikuwa nimewahi kumkaribia kwa hatua tatu. Kwa hiyo tulipopanda boti mchana ule kurudi kwangu, yeye alikaa mbele kabisa akitazama ng'ambo, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, mimi nikakaa nyuma karibu na mwenye boti. Hatukuwa na abiria mwingine.

Katikati ya mto injini ilikohoa. Ikapanda mlio, ikashuka, ikazima.

Nilisema ni plagi. Kila pikipiki ikizima huwa nasema plagi, na mara nyingi huwa kweli. Nikaifungua, nikaipangusa kwa suruali, nikairudisha. Mwenye boti akavuta kamba, injini ikawaka kwa muda wa kupiga chafya mbili, ikazima tena. Wakati huo wote maji yalikuwa yanatubeba. Upande wa chini nilianza kuziona nguzo za daraja la zamani lililobomoka, zimesimama bila daraja, na maji yakipanda juu yake meupe.

Mwenye boti aliacha kamba akashika kasia. Alituelekeza kwenye mkaratusi uliozama, kilele chake peke yake kikiwa juu ya maji, akarusha kamba ya boti ikanasa kwenye tawi. Boti ikageuka kwa kishindo, ikasimama. Tawi lilipinda kama fimbo ya ndoano yenye samaki, na kila mara lilitoa mlio mdogo mkavu. Akaniambia nifanye haraka.

Kwenye mpira unaotoka tangini kwenda kwenye injini kuna sehemu iliyovimba, ya kubana kwa mkono ili petroli isukumwe. Niliibana. Ikabaki imebonyea, haikujaa tena. Maana yake petroli haitoki tangini. Nikaangalia tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi, lilikuwa wazi. Hapo nikafanya kile ambacho kila mtu wa bodaboda huku kwetu hufanya petroli ikikaribia kuisha. Nilifungua tangi, nikaweka mdomo, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, kisha nikalitikisa huku na huku. Pikipiki hukubali. Injini ilikubali pia, ikaunguruma vizuri hata nikacheka, halafu ikafa kifo kingine, kizito, bila hata kukohoa.

Ndipo nikakumbuka kutazama kichujio. Ni kikombe kidogo cha plastiki, unaona ndani. Kilikuwa kimejaa maji ya kahawia. Nilifungua nikanusa.

Ilikuwa molasi.

Asubuhi ile mtungi wa mwenye boti ulikuwa umepasuka, nikamwazima wangu aende nao kununua petroli. Huku kwenye miwa hakuna boma lisilo na mtungi wa molasi, ile shira nyeusi ya miwa wanayolishwa ng'ombe. Wangu niliusuuza kwa maji mara mbili, nikautikisa, nikaupindua kidogo, nikampa. Sikuukausha na sikumwambia ulikuwa wa nini. Maji yaliyobaki yaliyeyusha molasi iliyoganda pembeni, yote yakaingia tangini, yakatulia chini ya petroli. Mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimeyatikisa yakachanganyika.

"Hiyo petroli ilikuwa safi," mwenye boti akasema bila kugeuka, amelikumbatia kasia. "Mimi hununuanga hapo kila siku."

Tawi likalia tena, safari hii kwa muda mrefu, na upande wa kushoto, kama hatua thelathini, nikaona matete yaliyoshikilia ukingo. Hatua thelathini ningeweza. Nataka kuandika hili kama lilivyokuwa. Sikumfikiria mke wangu wala watoto wala mtu yeyote. Nilivua buti la mvua la mguu wa kulia, nikavua la kushoto, nikaweka mikono miwili kwenye ubavu wa boti.

Nilipoinua macho mavyala alikuwa amegeuka, ananitazama usoni. Hakuwahi kunitazama usoni hata siku ya mahari.

"Baba watoto," akasema polepole, "mimi sijuanga kuogelea."

Alisubiri, nami nikabaki nimeshika ubavu wa boti. Kisha akainua mikono, akafungua kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akaja kwa kutambaa mpaka nilipokuwa, akaniwekea kitambaa mkononi, vidole vyake juu ya vyangu.

"Si wewe hutengenezanga mashini? Niambie nishike wapi."

Kwa hofu niliyokuwa nayo nilimwamuru kama ninavyomwamuru mtu wa karakana. Nilimwambia akaushe kwa leso yake kopo la kuchotea maji botini. Nikakilowesha kitambaa kwa petroli, nikakitandaza juu ya kopo, nikaanza kumimina kutoka tangini taratibu, ile ya juu juu tu. Petroli ilipita. Maji yalibaki juu ya kitambaa yakiviringika, kahawia, nikawa nayakung'uta mtoni. Nikamwaga nyingine magotini mwake.

Kopo lilipofika nusu nikachomoa mpira tangini, nikautumbukiza humo, naye akalibana kopo kati ya magoti na kuushikilia mpira usielee. Nilipuliza kichujio mpaka kikawa cheupe. Nikalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, nikabana ule mpira mara nyingi, yakatoka matone ya kahawia, matone ya kahawia, nikadhani hayataisha. Yakatoka meupe. Nikakaza. Nikabana tena, na sasa mpira ukajaa, ukawa mgumu mkononi.

Tawi likavunjika.

Boti ilianza kwenda kinyumenyume. Nilivuta kamba mara moja, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Nilisikia maji yakipiga nguzo na nikafumba macho, nikavuta mara ya tatu nimefumba hivyo hivyo. Injini ikawaka. Mwenye boti akanisukuma kando, akakata kona kali, na nguzo ya kwanza ikapita karibu nasi hata nikaona kuvu iliyoota juu yake. Hatukufika kwenye kivuko. Tulipanda ukingo wa upande wa kwetu, kwenye shamba la miwa la mtu nisiyemjua, tukakaa kwenye matope, na mwenye boti akatapika.

Mavyala alikikamua kitambaa chake, kinanuka petroli na molasi, akakifunga tena kichwani. Tulipoanza kutembea aliniacha nitangulie, akafuata kwa mbali kama inavyotakiwa.

Kesho yake nilimwambia mwenye boti habari ya mtungi, kwa sababu alikuwa amekwenda kugombana na muuza petroli wake. Alinitukana vya kutosha, na nilistahili.

Lakini jioni ya siku ile tuliyovuka, nyumbani, mke wangu alipoona nguo za mama yake aliuliza kumetokea nini mtoni. Mavyala alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kitanda, kanipa mgongo.

"Injini ilizima," akamwambia. "Lakini mume wako hakuniacha."

Mke wangu aliniangalia kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona tena. Nilifungua mdomo niseme ukweli wote. Nikaogopa. Nikauliza kama watoto wamekula.